Kununua kitambaa na mtoto Nairobi: kakona ka duka, uwanja wa mall ama mkeka nyuma ya kaunta?

Hii naandikia mtu anayeshona, iwe ni biashara ama ni nguo za nyumbani tu, ana mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miaka minane hivi, na Jumamosi hakuna wa kumwachia. Dada wa nyumba ameenda kwao, shosho yuko ushago, baba watoto ako kazi, na kitambaa lazima kinunuliwe juu kastoma anataka gauni yake kabla ya harusi. Kwenda na mtoto ni lazima, hapo hakuna mjadala. Unachochagua ni uende duka la aina gani.

Watu wengi wakisikia duka fulani liko na mahali pa watoto kucheza wanauliza kuna nini hapo, kuna bembea, kuna mipira, kuna trampolini? Mimi naona hilo swali lingoje. Uliza hili kwanza: nikiwa nimesimama pale kitambaa kinakatwa, namwona mtoto ama simwoni? Karibu kila kitu nitakachosema hapa kinatoka kwa hilo swali, na ndio maana utaniona nikisifu kameza na viti viwili na kupita haraka mahali pengine pamejengwa kwa pesa nyingi.

Juu kununua kitambaa si kununua mkate. Unagusa, unakunja kwa ngumi uone kama kinabaki na mikunjo, unatoka nacho hadi mlangoni uone rangi kwa jua maana taa za dukani zinabadilisha rangi kabisa, unauliza upana kama ni inchi 45 ama 60, unaongea bei, halafu unasimama ukiangalia makasi yakipita. Na hapo kwa makasi ndio akili yako yote inatakiwa iwe. Kuna maduka yanauza kwa yadi na mengine kwa mita, na yadi tatu zimepungua mita tatu kwa sentimita 26, hiyo ni mikono ya blauzi ya mtoto imeenda. Kama ni uzi wa kufuma inabidi uangalie namba ya loti, yaani uzi uliotiwa rangi pamoja, kwa karatasi ya kila donge, la sivyo sweta inatoka mgongo rangi moja na kifua rangi nyingine kidogo. Mtoto akianza kulia dakika hiyo unasema "kata tu" ili utoke, na kitambaa kikishakatwa hakuna duka litakirudisha.

Kakona ndani ya duka lenyewe

Hii tafuta zaidi kwa maduka makubwa ya vitambaa na vifaa vya sanaa, yale ya ndani ya mall, na saa zingine kwa duka la vitabu lenye upande wa karatasi, rangi na gundi. Usitarajie makubwa. Kameza kafupi, viti viwili vitatu vya plastiki, kreyoni kwa mkebe, chini kumetandikwa ile mikeka ya sponji ya kuunganisha. Lakini kakiwekwa mahali pazuri, hako kakona kanakusaidia kuliko jumba zima la kurukia lililo orofa nyingine.

Mahali pazuri ni mbele ya meza ya kukatia. Maduka mengi hukosea hapa. Wanaweka watoto dirishani ama karibu na mlango kwa sababu panapendeza kwa mtu anayepita nje, sasa wewe uko ndani umeinamia majora, mgongo umeupa mlango, na nje ya mlango kuna ngazi za umeme. Mtoto wa miaka mitatu hahitaji hata dakika moja kufika hapo. Kakona kakiwa mlangoni mimi nakahesabu kama hakapo, hata kakiwa na midoli ya bei gani, na ningeomba tu msichana wa duka anisaidie kusogeza kale kameza hadi kando ya meza ya kukatia, wengi hukubali ukiwaambia vizuri.

La pili angalia chini. Duka la ushonaji linamwaga vitu siku nzima. Pini za vichwa vya rangi, vifungo, shanga, vipande vya sindano ya cherehani iliyovunjika, vyote vinang'aa na vyote mtoto mdogo anataka kuonja. Kuna kipimo rahisi kinachojulikana na kila mzazi anafaa kukijua: chukua ile karatasi ngumu inayobaki katikati tishu ya choo ikiisha, ina upana wa sentimita 4 hivi, kitu chochote kinachopita ndani yake ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka 3, kinaweza kumkaba koo. Vifungo karibu vyote vinapita. Shanga zinapita. Na mafundi wengi hapa mjini wana ile sumaku iliyotolewa kwa spika mbovu, wanaitumia kuokota pini na sindano chini ya cherehani. Beba yako kwa mkoba, ipitishe kwa mkeka na kando kando kabla mtoto hajakaa. Mimi siachi kufanya hivi popote penye kuuzwa sindano, hata duka likiwa linang'aa vipi.

Kuna vitu viwili vya hatari ambavyo watu hawaviongelei sana na viko kwa maduka ya sanaa kwa wingi. Kimoja ni zile betri ndogo za mviringo, bapa kama kifungo, unazipata kwa kadi za kuimba, kwa mishumaa ya plastiki inayowaka, kwa taa ndogo ndogo za mapambo. Mtoto akimeza na ikwame kwa umio, inaanza kuchoma nyama ya ndani na inaweza kuumiza vibaya kwa muda wa saa mbili tu. Ukishuku amemeza, usimtapishe, usingoje jioni uone kama itatoka yenyewe, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Kingine ni sumaku ndogo zenye nguvu, kama zile za vifungo vya mikoba. Akimeza moja inaweza kupita, akimeza mbili zinatafutana ndani ya matumbo na kubana nyama katikati, na hiyo ni kesi ya upasuaji. Kwa hivyo ukifika kwa kakona, inua macho kwanza: rafu iliyo karibu, kwa urefu wa mkono wa mtoto, imewekwa nini? Ikiwa ni vitambaa na karatasi, sawa. Ikiwa ni shanga, sumaku na taa ndogo, muhamishe.

Sasa uzuri wake. Kuna duka ambalo hawana mdoli hata mmoja kwa kakona kao, wana boksi la vipande vilivyobaki tu, kitenge, satini, neti, dera, kila aina, na mkebe wa kreyoni na karatasi za kahawia za kukatia patani. Watoto wanakaa hapo. Wanapanga rangi, wanafunika vichwa, wanafunga midoli ya kujifanyia, msichana mmoja nilimwona amejifunga neti kiunoni anasema yeye ni bibi harusi na kaka yake analazimishwa kuwa kasisi. Mdoli wa betri unachosha haraka, lakini vipande vya vitambaa kila mara vinakuwa kitu kingine. Na tena mtoto anafanya kile mama anafanya pale mezani, anagusa, anakunja, anachagua, kwa hivyo haoni kama amewekwa kando. Kama una maduka mawili ya kuchagua, moja lina runinga ya katuni na lingine lina boksi la vipande, enda kwa vipande.

Ubaya wake ni kwamba hakuna mtu ameajiriwa kumwangalia mtoto wako. Dada wa duka akikuambia "mwache tu mama, namwangalia," anamaanisha vizuri lakini yeye ana kastoma wengine watatu na tili ya M-Pesa inaita. Mlinzi ni wewe. Na ndio nasema tena, kama huoni kakona kutoka kwa makasi, hakajakusaidia.

Uwanja wa kulipia ndani ya mall

Hapa ndio kuna mambo. Mipira ya plastiki ya rangi, mteremko, nyavu za kupanda, trampolini, saa zingine treni ndogo inayozunguka mall na mama wote wamesimama na simu wakipiga picha. Mtoto anavua viatu, anavaa soksi, anafungwa kamba ya karatasi mkononi yenye namba, na unalipa kwa saa. Bei hutofautiana sana na wikendi huwa juu, kwa hivyo uliza mlangoni kabla mtoto hajaiona ile mipira, maana akishaiona mazungumzo yameisha.

Ukilinganisha na kakona, huu uwanja unashinda kwa mambo mawili: kuna wahudumu, na kuna mahali pa kutolea nguvu. Mtoto wa miaka sita ambaye amekaa kwa matatu kutoka Kayole ama Rongai ukimwambia akae kwa kameza apake rangi, anaona umemfunga. Huyo mpeleke akaruke. Tena malls zina choo kisafi na mahali pa kubadilisha daipa, kitu ambacho huko mjini utakitafuta hadi uchoke.

Lakini kuna mahali uwanja unakuangusha. Kwanza wahudumu wengi hawamlindi mtoto binafsi, wanalinda foleni na saa. Uliza wazi, "Naweza kumwacha hapa niende dukani ama lazima nikae?" Kwingine watakuambia mzazi asitoke hapo, na hapo sasa umelipa pesa ukae kwa benchi na kitambaa hujanunua. Kwingine wanakubali, wanachukua namba ya simu, lakini mtoto wa chini ya umri fulani hawamchukui bila mtu mzima. Hakuna ubaya kwa hiyo sheria, ni nzuri, ila ni vizuri uijue ukiwa nyumbani.

Wenzetu wa IKEA, lile duka kubwa la fanicha lililoanzia Sweden, wana uwanja wao wanauita Småland, na vile wanaufanya ni mfano mzuri wa kupimia. Hawachukui mtoto wa daipa. Mzazi lazima abaki ndani ya jengo. Muda una mwisho, kama saa moja hivi, na mtoto anaandikishwa akiingia na kukaguliwa anapotoka nani anamchukua. Na ni bure, kwa sababu wanajua mzazi aliyetulia ananunua. Hapa kwetu hatuna IKEA, lakini hayo maswali unaweza kuyabeba popote: mnaandikisha? Nani anaruhusiwa kumtoa? Kamba ya mkononi inalingana na yangu? Kama mtoto anaweza kutoka na mtu yeyote aliyemshika mkono, mimi siachi mtoto hapo, hata ikiwa ni dakika kumi za kuchukua zipu.

Kuhusu trampolini, madaktari wa mifupa wa Marekani wanashauri mtoto wa chini ya miaka 6 asipande kabisa, na aliye juu ya hapo apande mmoja kwa wakati. Hiyo ya mmoja kwa wakati Jumamosi alasiri Nairobi haiwezekani, unapata mijamaa ya miaka kumi na mbili inarushana na katikati kuna mtoi wa miaka minne. Enda asubuhi mall ikifunguliwa, ama mwambie abaki kwa mipira na mteremko.

Na kuna hesabu ya umbali. Uwanja uko orofa ya juu kabisa karibu na mahali pa chakula, duka la vitambaa liko chini, ama haliko kabisa kwa hiyo mall. Hili linasahaulika. Vitambaa vya bei ya jumla na aina nyingi bado viko mjini na Eastleigh, kwa mall unapata vichache, vizuri, vya bei ya juu. Ukihesabu pesa ya uwanja, chipsi ambazo lazima utanunua, na tofauti ya bei ya kitambaa, unajua kama safari imelipa. Kwa gauni moja ya send-off ya dada yako, sawa. Kwa mtu anayenunua majora ya kushona yunifomu, haiwezi.

Biashara Street, Eastleigh, Gikomba: mkeka nyuma ya kaunta

Hapa hakuna mahali pa watoto kucheza na hakuna anayejifanya pako. Ila watoto wako, kila siku, wa wenye duka na wa kastoma. Wanakaa nyuma ya kaunta kwa mkeka ama kwa boksi la katoni, na mtu mzima ambaye hujawahi kumwona anawapa biskuti. Hizo sehemu tatu watu huzitaja pamoja lakini kwa mtu mwenye mtoto hazifanani hata kidogo.

Biashara Street ndio rahisi kuliko zote. Maduka yana milango mipana, yamepangwa kwa mstari, mengi ni ya familia zilizokaa hapo miaka mingi, na barabara yenyewe unaweza kuitembea mwanzo hadi mwisho na mtoto mkononi bila kuchanganyikiwa. Kitenge, leso, mapazia, vitu vya watoto wachanga, vifungo, lastiki, vyote viko karibu karibu. Ukiingia asubuhi siku ya kazi mwenye duka ana muda na wewe, atakuambia "mama weka mtoto hapa," ampe kiti. Na mkiwa watu wazima wawili kuna mpango ambao mimi naupenda sana: mmoja anunue, mwingine ampeleke mtoto bustani ya Jeevanjee, ni mwendo mfupi ukifuata Muindi Mbingu Street. Hiyo bustani ilitolewa na mfanyabiashara A.M. Jeevanjee mwaka 1906 na bado ni nyasi na miti katikati ya mji, mtoto anakimbia bure. Saa ya lanchi huwa na wahubiri na watu wengi, kwa hivyo enda mapema.

Eastleigh bei zake zinajulikana na aina za vitambaa ni nyingi kuliko mahali pengine popote hapa mjini, hasa dera, mapazia, satini na vitambaa vya sherehe. Lakini ni eksibishoni juu ya eksibishoni, vibanda vidogo, korido nyembamba, majora yamesimamishwa wima ukutani hadi juu. Jora moja la pazia ni zito, mtoto akilivuta linamwangukia na mengine yanafuata. Hapo usimwache chini kabisa. Nje kuna mikokoteni na matatu za namba 6 na 9 zinakatiza kila upande, kigari cha mtoto hakipiti. Wa chini ya miaka miwili mfunge mgongoni na leso, mikono yako inabaki huru na yeye analala. Wa miaka mitatu minne ndio shida, ni mzito kubebwa na ni mdogo kuachwa. Kama ni lazima Eastleigh na huyo, chagua jengo kubwa lenye lifti na vyoo kama BBS Mall, hata kama bei imepanda kidogo, na ununue vyote hapo hapo bila kuruka kutoka jengo hadi jengo. Kina mama wa maduka ya huko ni wakarimu sana kwa watoto, hilo lazima niliseme, utapewa maji, utapewa stuli, mtoto ataitwa majina mazuri, lakini ukarimu hauzuii jora kuanguka.

Gikomba nitasema kwa ufupi, usiende na mtoto anayetembea. Njia ni nyembamba, kuna matope mvua ikinyesha, watu wanapita wamebeba mabelo kichwani wakipiga kelele "kando kando", na bei nzuri ziko alfajiri wakati mtoto anafaa kuwa amelala. Kama uko upande huo wa Jogoo Road na mko wawili, maktaba ya Kaloleni iliyokarabatiwa na shirika la Book Bunk iko na vitabu vya watoto, mmoja akae naye huko. Uhuru Market nayo, kule wanakoshona yunifomu, unaweza kwenda naye siku ya kawaida lakini si Januari shule zikifunguliwa. Na popote penye mafundi wanashona, angalia pasi. Pasi ya makaa inawekwa chini ikipoa, na waya wa ile ya stima unaning'inia hapo kwa meza.

Mahali ambapo mtoto anafanya kazi na mikono

Hii si sehemu ya kucheza lakini naiweka kwa ulinganisho kwa sababu kwa mtoto wa miaka sita kwenda juu inaweza kuwa jibu zuri kuliko zote. Kiwanda cha Kazuri kule Karen, kilichoanzishwa na Susan Wood mwaka 1975 akiwa na kina mama wawili, wageni hutembezwa wakaona udongo unavyogeuzwa kuwa shanga, unafinyangwa, unachomwa, unapakwa rangi, unachomwa tena. Mtoto akishaona shanga ikitoka kwa udongo, siku ingine dukani haoni rafu tu, anaona kazi ya mtu, na anashika vitu kwa adabu. Kariokor nayo, kwa vyondo na viatu vya ngozi, anaona mtu akisuka mbele yake. Maasai Market ile ya Village Market siku ya Ijumaa ni tulivu kuliko za mjini na mall yenyewe ina michezo ya watoto, kwa hivyo mnaweza kugawana siku. Hapa hutanunua mita kumi za pamba, lakini kama safari yako ni ya shanga, vikapu na mapambo, mpeleke huko.

Sasa uchague nini

Mwenye mtoto wa chini ya miaka mitatu, mimi nasema mgongoni, Biashara Street, asubuhi ya siku ya kazi, na orodha iliyoandikwa. Kakona hakamfai huyu kwa sababu ya vitu vidogo vilivyo chini, na uwanja wa mall mara nyingi hawatamchukua bila wewe. Beba kipande cha kitambaa cha mfano kwa mkoba ili usianze kufikiria rangi ukiwa huko.

Wa miaka mitatu hadi mitano ndio kakona kalitengenezewa. Tafuta duka lenye kakona unakokaona kutoka kwa makasi, ulipe ile tofauti ya bei, na upange safari isizidi saa moja maana hata vipande vya kitenge vina mwisho wake. Uwanja wa kulipia kwa umri huu naweka wa pili, si kwa sababu hawafurahi, wanafurahi sana, ila kumtoa huko ni vita na wewe bado hujachagua zipu.

Wa miaka sita hadi minane yuko sawa kwa uwanja wa mall kama wanaandikisha na kumlinda, ama mchukue Biashara Street kama msaidizi: ashike futi ya kupimia, ahesabu vifungo, achague uzi unaofanana. Wa umri huu ukimpa kazi hasumbui. Ukimpa simu anakaa kimya lakini hamsaidiani.

Ukiwa na wawili, mmoja wa miaka miwili na mwingine wa sita, usijaribu kuwafurahisha wote kwa duka moja. Mdogo mgongoni, mkubwa kwa kakona, na kama hakuna kakona, ahirisha ama umwombe jirani akae na mmoja. Hili la wawili ndilo huwa gumu zaidi na sijaona duka lililotengenezwa vizuri kwa ajili yake.

Kuna watu watasema mpeleke tu daycare ya siku moja karibu na mtaa. Inawezekana, na kwa safari ndefu ya Eastleigh mimi ningependelea hivyo, lakini kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya vituo vya kulea watoto mwaka 2017 na kituo kinafaa kuwa na leseni. Omba kuiona. Ukiambiwa "tunaishughulikia," tafuta kwingine.

Wenye maduka nao nina ombi kwao, na nasema kwa upendo kabisa juu najua kodi ya huko mjini ilivyo na kila futi ya sakafu inalipiwa. Hamhitaji uwanja. Mnahitaji nafasi ya mkeka mmoja kando ya meza ya kukatia, boksi la vipande ambavyo mnatupa jioni hata hivyo, kreyoni, na mtu wa kupitisha sumaku chini asubuhi na mchana. Vifungo na shanga vipandishwe rafu ya juu. Majora yafungwe na kamba ukutani ama yalazwe. Mama akitulia dakika ishirini ataona na kile kitambaa cha pili, atakumbuka laining, atakumbuka uzi, na atarudi na mama mwingine.

Kabla ujipange, piga simu dukani na uwaulize haya. Mahali pa watoto panaonekana kutoka kwa meza ya kukatia? Rafu ya karibu ina nini? Choo kiko wapi, na ni cha kastoma ama ni lazima niende nje? Na kama ni uwanja wa kulipia, nikitoka dakika tano kuna mtu anamwangalia mtoto wangu, kwa jina lake, ama anaangalia tu mlango?